Gari la Zamani la Spoti kwa Mbio za Koni: Pesa Zianzie Wapi

Autokrosi ni mbio za kupimwa kwa saa. Uwanja mpana wa lami hupangwa koni, magari huingia moja moja, na kila dereva hupinda kushoto na kulia kwa muda wa dakika moja hivi. Mara nyingi hata gia ya tatu hutaihitaji. Ndiyo maana nguvu ya injini ina mchango mdogo kuliko watu wanavyodhani. Muda unapotea kwenye kona, pale tairi linaposhindwa kung'ang'ania lami. Mpangilio ninaoutoa hapa unafuata kipimo hicho: kitu gani kinakupunguzia sekunde nyingi kwa pesa kidogo, bila kukunyima gari la kurudia nyumbani jioni.

Kabla hujafungua pochi, soma kanuni za klabu utakayoshindana nayo. Kwa mfano, katika madaraja ya Street ya SCCA, chama kikubwa cha mchezo huu Marekani, tairi lazima liwe na namba ya uchakavu (kipimo cha ulaini wa mpira, nitakieleza mbele) isiyopungua 200, shokapu unaruhusiwa kubadilisha, na fimbo ya stabilaiza, ile inayozuia gari kulalia upande kwenye kona, unaweza kubadilisha moja tu, ya mbele au ya nyuma. Ukifunga kisichoruhusiwa, gari linahamishiwa daraja la juu, na huko utakutana na magari yaliyojengwa mahususi kwa mbio. Kuna watu wamenunua vipuri vizuri kabisa vikawaharibia nafasi ya kushinda.

Ya kwanza: uzima wa gari

Najua hakuna anayefurahia kununua bushi, yale mapira ya kwenye viungo vya chini ya gari. Lakini gari la miaka thelathini lenye bolijointi (kiungo kinachobeba tairi na kuliruhusu kupinda) iliyolegea halitanyooshwa na kifaa chochote utakachokifunga juu yake, na fundi wa alaimenti, yaani anayepanga pembe za matairi, atapoteza muda wake. Pandisha gari kwenye jeki, liweke juu ya stendi imara, kisha shika tairi juu na chini ulitikise. Likicheza, shuku beringi au bolijointi. Shika kushoto na kulia; likicheza hapo, angalia tairodi, fimbo inayounganisha usukani na tairi. Chungulia mabomba ya rejeta na tarehe ya mwisho ya kubadilisha mkanda wa taiming. Angalia pia betri kama imefungwa barabara, kwani wakaguzi huitazama kabla hujaruhusiwa kuingia uwanjani.

Kama gari bado hujanunua, Mazda MX-5 ya kizazi cha kwanza, iliyoanza kuuzwa mwaka 1989, bado ndiyo chaguo langu la kwanza. Ina uzito wa karibu kilo 1,000, inasukumwa na matairi ya nyuma, na alaimenti yake inarekebishika mbele na nyuma bila kununua kitu. Adui yake ni kutu, hasa kwenye vizingiti vya chini ya milango. Toyota MR2 ya zamani ni tamu pia, ila injini iko nyuma ya viti, na ukiachia mafuta ghafla katikati ya kona mkia unaweza kukuzunguka kabla hujajipanga. Kwa anayeanza, ningemwambia asubiri.

Ya pili: matairi

Hapa ndipo nusu ya bajeti yako inapostahili kwenda, na hakuna kifaa kingine kinachokaribia. Seti nzuri ya matairi laini ya barabarani inabadilisha gari zima: breki zinakuwa fupi, usukani unajibu, kona inabana.

Ubavuni mwa tairi kuna namba ya uchakavu. Kwa jumla, namba ndogo inaashiria mpira laini unaoshika zaidi na kuisha haraka. Lakini kila mtengenezaji hujipangia namba yake mwenyewe, kwa hiyo 200 ya kampuni moja haishiki sawa na 200 ya nyingine. Waulize wanaoshindana kwa gari kama lako wanatumia lipi, kisha amini jibu lao kuliko tangazo.

Kisha tafuta tarakimu nne za mwisho kwenye mfuatano unaoanza na herufi DOT. Zikiwa 2319, tairi lilitengenezwa wiki ya 23 ya mwaka 2019. Mpira hukauka hata kama tairi halijagusa barabara, na tairi la mashindano lililokaa stoo miaka saba kwa bei ya kutupa halina faida kwako, hata likiwa na kashata zote, yaani michongo yake ya juu haijalika. Kama ni lazima ununue yaliyotumika, chukua yenye umri mdogo na kashata chache. Usifanye kinyume chake.

Pamoja na matairi nunua kipima upepo cha kuaminika na pampu ndogo. Hivi viwili ni rahisi, na vinafanya kazi ya vipuri vya bei kubwa. Chukua chaki ya kawaida, paka mstari kutoka kwenye kashata kushuka ubavuni, mbele na nyuma, kisha kimbia mzunguko mmoja. Ukirudi, tazama chaki imefutika mpaka wapi. Matairi mengi yana alama ndogo ya pembetatu begani. Chaki ikifutika kupita alama hiyo, tairi linalala kwenye kona, ongeza upepo. Ikibaki nzima juu ya alama, punguza. Rudia baada ya kila mzunguko, kwa sababu tairi likipata joto upepo wake hupanda.

Ya tatu: alaimenti

Hununui kifaa, unanunua saa moja ya fundi, na faida yake inazidi ya shokapu mpya. Omba vichwa vya matairi ya mbele vilale ndani kidogo. Kati ya nyuzi 1.5 na 2.5 hasi ni pazuri kwa gari ambalo bado linatembea barabarani. Mwelekeo wa matairi ya mbele uwe sifuri au utazame nje kidogo sana, ili gari liwe jepesi kuingia kona. Kaa kwenye kiti cha dereva wakati wa kupima. Uzito wako ni sehemu ya gari siku ya mashindano.

Ya nne: breki

Nunua mafuta mapya ya breki kwanza. Mafuta haya hunyonya unyevu wa hewani, na yakizeeka huchemka mapema, kanyagio likazama. DOT 4, daraja la kawaida la mafuta ya breki, ikiwa mpya inapaswa kustahimili angalau nyuzi 230 za Selsiasi, lakini ikishanyonya maji kiwango hushuka hadi 155. DOT 5 ni ya silikoni na haichanganywi na hizo nyingine, achana nayo. Kwa pedi, chukua za barabarani za daraja la juu. Pedi za mbio za masafa marefu zinahitaji joto ambalo dakika moja haiwezi kuzipa, na katika koni ya kwanza utakanyaga breki usipate kitu.

Ya tano: shokapu na stabilaiza

Shokapu ikiwa imetapika mafuta kwenye mwili wake, imekufa. Hiyo ihesabu kwenye uzima wa gari, juu kabisa. Kama zako bado nzima, subiri mpaka uweze kununua seti nzuri inayorekebishika. Seti za bei ya chini za kushusha gari ziko mwisho wa orodha yangu. Zinaligeuza gari gumu na fupi, tairi linarukaruka kwenye lami mbaya, na mshiko uliolipia kwenye mpira unapotea. Stabilaiza nene ya mbele, kwa gari la kusukumwa nyuma, ni ununuzi mzuri zaidi kwa pesa kidogo.

Kiti, mkanda, helmeti

Helmeti yenye stika ya Snell (taasisi inayopima helmeti) ya daraja la SA, la mbio za magari, imejaribiwa dhidi ya moto; ya M, ya pikipiki, haikujaribiwa hivyo. Angalia klabu yako inakubali ipi na ya mwaka gani. Mkanda wa pointi nne bila rolba, fremu ya chuma inayozuia paa lisikubonyee, usiufunge kabisa. Gari likipinduka na paa likabonyea, mkanda huo unakushikilia wima usiweze kuinama.

Ya mwisho: nguvu

Ekzosti, filta ya wazi, chipu ya kompyuta ya injini, vyote vingoje. Isipokuwa difu, gia inayogawa nguvu kati ya matairi mawili. Kama tairi la ndani linazunguka bure kila unapotoka kwenye kona, difu inayozuia hilo itakufaa kuliko nguvu za farasi ishirini za ziada. Magari mengi ya spoti yalitoka kiwandani yakiwa nayo kama nyongeza, na iliyotumika kutoka modeli hiyo hiyo mara nyingi huingia bila kuchongwa. Ukienda kuiona ikiwa bado kwenye gari, inua matairi yote mawili ya nyuma, weka gia huru, zungusha moja kwa mkono. La pili likigeukia upande uleule, kwa kawaida ndiyo yenyewe. Likigeukia upande wa pili, ni difu ya kawaida, au ni ile unayoitafuta ikiwa imeshachoka.