Chanjo ilifika juu ya vichwa vyetu, ikarudi: uzoefu wangu na droni ya dawa

Natoa nyota moja. Hiyo moja ni ya ndege yenyewe. Watu wake sijawapa kitu, na nitaeleza kwa nini.

Mnaotaka kujua inabeba kilo ngapi na mabawa yake yana urefu gani, hayo yameandikwa kila mahali, tafuteni. Mimi nina habari ya siku moja, kipindi kile cha masika, kisiwani kwetu upande wa Namayingo, Uganda, kwenye Ziwa Viktoria, na ya kijana mmoja mwenye kizibao cha kung'aa aliyetutamkia neno ambalo mpaka leo nikilikumbuka usiku, usingizi unakatika.

Mtoto wa dada yangu aling'atwa na mbwa. Mbwa hakuwa na mwenyewe, aliingia mwaloni asubuhi akitiririka mate, akamvamia mtoto aliyekuwa akigeuza mukene, yaani dagaa, walioanikwa, akamng'ata kwenye shavu la mguu. Wavuvi walimmaliza palepale kwa makasia. Tukamkimbiza mtoto kituo cha afya. Musawo wetu, yaani mganga wa kituo, Mungu ambariki, alifanya kila kinachotakiwa: kidonda kikaoshwa kwa sabuni na maji ya kutiririka dakika 15 nzima, mtoto analia, mimi nimemshikilia. Halafu akasema kilichobaki ni chanjo, na pale kituoni haipo.

Kichaa cha mbwa si ugonjwa wa kungojea kesho. Dalili zikishatokea, karibu hakuna anayepona. Na chanjo yenyewe haiishii kwenye sindano moja, unachomwa siku ile, unarudi siku ya 3, unarudi siku ya 7, na bado unaendelea. Musawo akapiga simu bara. Akajibiwa tulieni, chanjo inakuja kwa droni.

Nilifurahi sana. Mimi ni fundi wa injini za boti, na ndiye niliyeutetea mradi huo ulipokuja mara ya kwanza. Shemeji yangu wa Ukerewe, upande wa Tanzania, alinisimulia jinsi mwaka 2018 ndege za umeme za Wingcopter, kampuni ya Ujerumani, zilivyokuwa zikivuka ziwa kutoka bara kupeleka dawa kisiwani kwao, kilomita 60 kwa dakika kama 40. Rwanda wanasafirisha damu kwa njia hiyo tangu 2016. Hata hapa Uganda, Taasisi ya Magonjwa ya Kuambukiza ya Makerere ilianza mwaka 2021 kupeleka dawa za virusi vya UKIMWI kwa droni kwenye visiwa vya Kalangala. Kwa hiyo hawa wa kwetu, ambao ni watu wengine kabisa na siwataji, walipoitisha mkutano kwa mwenyekiti wa LC, yaani baraza la kijiji, wazee wakauliza kama kile si kifaa cha kutupeleleza. Lilikuwa swali la haki. Sisi tuko jirani na kisiwa cha Migingo, Uganda na Kenya wamevutana pale miaka mingi, chochote kinachoruka juu ya maji haya kinatia watu wasiwasi. Nikasimama mimi. Nikasema chombo hiki hakiruki bila ruhusa ya Mamlaka ya Usafiri wa Anga na ya jeshi, kiacheni kije, siku moja kitamwokoa mtoto wa mtu.

Basi siku yenyewe ikafika, na mtoto akawa wa kwetu.

Tuliisikia kabla ya kuiona. Sauti yake haifanani na injini yoyote niliyowahi kufungua, hakuna mlio wa pistoni wala moshi, ni mvumo mwembamba tu unaozidi kukaribia. Ikatokea juu ya maji imelala kwenye mabawa yake kwa mwendo wa kasi, na ilipofika juu ya uwanja wa shule pangaboi zikageuka kutazama juu, ikasimama hewani. Tumboni mwake kulikuwa na boksi jeupe limekazwa kwa mkanda. Nililiona kwa macho yangu. Nyasi zikalala. Ikaanza kushuka taratibu, ikafika usawa wa paa la darasa.

Uwanja ulikuwa umejaa watu. Watoto wa shule wametoka wote, akina mama wameacha mukene wao, vijana wameshika simu wanapiga picha. Ndege ikakoma kushuka. Ikaning'inia pale kwa muda ambao kwangu ulikuwa mrefu sana, kisha ikapanda, ikageuka, ikaondoka na boksi lake kuelekea bara.

Watu wengine walipiga makofi, wakidhani ndivyo ilivyopangwa. Dada yangu alipiga kelele.

Nikamfuata kijana wa kizibao. Alikuwa ameketi chini ya mwembe, tableti mapajani, nyaya za muziki masikioni. Nikamwambia kwa adabu, maana anaweza kuwa mwanangu: "Kijana wangu, mle mna chanjo ya mtoto huyu. Mpigie mwenzako wa bara airudishe, sisi uwanja tunauondoa watu sasa hivi."

Hakuinua macho. "Mfumo umekataa."

Nikamwambia nambari ya bara nipe mimi, nitapiga mwenyewe. Akasema nambari si ya wananchi. Nikamwomba tena. Ndipo akatoa nyaya masikioni, akatutazama wote, dada yangu amesimama pale mtoto begani, leso iliyofunga mguu imeshaloa damu, akasema: "Nyie watu wa visiwani hamfundishiki. Tafuteni boti."

Hamfundishiki! Neno hilo alimwambia mama mwenye mtoto aliyeng'atwa na mbwa.

Sasa sikilizeni kilichokuwa pembeni ya kiti chake. Kulikuwa na bunda la utepe wa nyekundu na nyeupe, ule wa kuzungushia mahali pa hatari, ungali ndani ya nailoni yake ya dukani. Hata ncha haijachanwa. Nguzo nne za kuufungia zilikuwa zimelazwa kwenye nyasi, zimefungwa pamoja kwa kamba. Kazi yake ilikuwa hiyo: kuchomeka nguzo, kuzungusha utepe, kuwaambia watoto wasimame nje. Hakuna aliyefundishwa akakataa kufundishika. Hakuna aliyetuambia chochote. Siku za mwanzo wa mradi walewale walituita uwanjani tuje kuitazama ikitua, wakatupiga picha tukiipungia mikono.

Ndege siilaumu kwa kurudi, na hapa naongea kama fundi. Ile inatumia betri, na betri ni mzigo. Kilo moja ya petroli imebeba nguvu karibu mara 50 ya ile iliyomo kwenye kilo moja ya betri, na japo mota ya umeme haipotezi nguvu nyingi kama injini yangu ya Yamaha, pengo hilo halizibiki. Zaidi ya hapo, tangi la petroli linapungua uzito kadiri unavyokwenda, betri uzito wake ni uleule imejaa au imekwisha. Na kusimama hewani ndiko kunakoila zaidi. Ikiwa imelala kwenye mabawa, upepo unaibeba; ikisimama, pangaboi peke yake ndizo zinazoinua uzito wote, ndege, betri na boksi. Kwa hiyo ikikuta uwanja una watoto haiwezi kungoja tubishane. Lazima ihesabu nguvu ya kuvuka maji kurudi, ikizidisha kungoja itaangukia ziwani na chanjo imo ndani. Ilifanya sawasawa. Ingeshuka juu ya watoto kwa pangaboi zile, leo ningekuwa naandika mambo mengine.

Lakini hayo nimeyajua kwa kuuliza huku na huku baadaye. Siku ile kijana angeyasema kwa sentensi mbili tu, kwamba betri hairuhusu, itajazwa na itarudi saa fulani, ningemwelewa kuliko mtu yeyote pale kisiwani. Na kwa nini hapakuwa na betri ya akiba upande wetu? Msiniambie umeme. Lolwe, kisiwa cha jirani, wana mtambo wa umeme wa jua unaotengeneza hadi barafu ya samaki. Umeme wa kujaza betri moja visiwani unapatikana.

Tulikwenda na boti. Sitaisimulia safari, waliowahi kuvuka ziwa hili mchana upepo ukiwa umeamka wanajua. Mtoto alivaa jaketi la kuokolea la mtu mzima, mama yake kamkumbatia, maji yanaingia, mimi niko kwenye injini na ninamwambia usilale, usilale, kana kwamba kulala kungemletea huo ugonjwa.

Hospitalini bara tukapokewa vizuri. Nesi akafungua friji, akatoa boksi jeupe lenye mkanda. Juu yake, kwa kalamu nene nyeusi, limeandikwa jina la kituo chetu cha afya. Lilelile. Chanjo ile ilikuwa imekuja mpaka usawa wa paa la shule yetu, ikarudi, ikatungoja kwenye friji, nasi tukaifuata kwa mawimbi na mtoto mgonjwa ili achomwe dawa iliyokuwa imeshafika kwetu. Nilipoona yale maandishi nilitoka nje.

Mtoto yu mzima. Alimaliza sindano zote.

Wale wa mradi walipopita baadaye na karatasi zao za maoni, swali lilikuwa kama umeridhika au hukuridhika, weka alama. Nikaweka alama nikawaambia wasiende, nikaanza kueleza. Dada mmoja akaniambia, "Mzee wangu, maelezo hayana nafasi kwenye fomu." Kwa hiyo ninayaweka hapa.

Nimesikia kwamba yule kijana alikuwa peke yake, akihudumia mialo kadhaa, na malipo yake yalikuwa yamechelewa. Inawezekana. Wakubwa wake wana kesi ya kujibu hapo, tena kubwa kuliko yake. Lakini mshahara kuchelewa haukumzuia kuchana nailoni.

Ningeishia hapo na nyota yangu moja, ila kuna jambo musawo ameniomba nisilifiche. Miezi fulani baada ya yale, mama mmoja alijifungua usiku akawa anatoka damu, na oksitosini ya kituo, dawa ya kuzuia damu hiyo, ilikuwa imeharibika kwa sababu friji ilizima. Dawa ile lazima ikae kwenye nyuzi 2 hadi 8. Alfajiri, kabla boti haijaweza kuondoka kwa ukungu na mawimbi, droni ilileta nyingine. Safari hiyo kulikuwa na mfanyakazi mwingine, binti mtaratibu, utepe umezungushwa, watu wako nje. Ikatua, boksi likafunguliwa, ikapanda. Yule mama nampita sokoni na mtoto wake mgongoni. Nikimwona, nyota moja inakuwa dhambi. Basi nyota tatu.

Wapo waliosema afadhali tuletewe zile za Rwanda za Zipline, zinadondosha mzigo kwa parachuti bila kutua, uwanja ujae usijae. Nimelifikiria hilo sana. Kwa chanjo ya siku ile, zingetufaa. Lakini hizi zinazotua zinaondoka na kitu pia. Makohozi ya mtu anayepimwa kifua kikuu, damu ya mtoto mchanga wa mama mwenye virusi, vyote vinahitaji kufika maabara, na mashine ya GeneXpert inatoa jibu la makohozi chini ya saa 2 ukishaifikia. Kwetu kuifikia kunaweza kuchukua juma zima. Inayodondosha na kupita hainichukulii makohozi ya mzee wangu. Kwa hiyo hapana, msitubadilishie ndege. Itueni ile ile, ila mtu wa chini awe mtu.

Nyota nne, basi, kwa ndege. Kwa huduma nzima, nikikumbuka lile neno, narudi palepale kwenye moja, na hapo ndipo ninapoiacha.

Mwenyekiti ametangaza kwamba mradi utafanya mkutano mwingine shuleni. Nitakuwepo. Nitataka nambari ya simu ya bara ibandikwe kwenye ukuta wa kituo cha afya, nitauliza ya betri ya akiba, na kama yule kijana atakuwa amekuja na kizibao chake, nitamtaka ayaseme tena yale maneno mbele ya dada yangu, watu wote wakisikia.