Programu za kubana slaidi: tazama kwanza kama jahazi linasonga

Nahodha alikodolea ukuta kitambo, kisha akanigeukia: "Mwanangu, mbona jahazi limetia nanga?"

Tulikuwa Shela, kisiwani Lamu, kwenye baraza ya nyumba ya wageni, tukiwaonyesha watalii slaidi za safari zake. Slaidi ya pili ina GIF, picha inayocheza, ya tanga likipandishwa. Usiku wa kuamkia siku hiyo nilikuwa nimepitisha folda nzima, mafaili 40, kwenye programu niliyouziwa shilingi 4,500 kwa mwaka, maana hayakuwa yakiingia Gmail, ambayo mwisho wake ni MB 25. Hilo la nahodha lilitoka MB 38 likawa 6. Nikalala na furaha yangu. Asubuhi tanga limeganda chini ya mlingoti.

Kwa hivyo asilimia za kupungua nawaachia wauzaji, ndio wimbo wao. Mimi nauliza moja tu: fremu zote zimebaki? GIF inayocheza ni picha nyingi, ndizo fremu, zilizopangwa foleni. Programu ikiichukua kama picha ya kawaida, inabakisha fremu ya kwanza na kutupa nyingine zote, ndipo uzito unaporomoka ukadhani umepata dili. Hata Pillow, maktaba ya picha ya lugha ya programu Python wanayoitumia vijana wengi wa skripti, huhifadhi fremu moja usipoiandikia save_all=True.

Kabla hujatoa pesa, omba ujaribu faili moja. Faili la PowerPoint la .pptx ni zip tu, furushi la mafaili: tengeneza nakala, badilisha mwisho wa jina uwe .zip, ingia ppt/media, buruta GIF kwenye kivinjari. Isipocheza, funga mkoba.

Namba moja kwangu ni gifsicle, na sifichi kwamba naipendelea. Ni ya bure, na kazi yake ni GIF tu. Mimi hutumia -O3 --lossy=80 --colors 128, na fremu zote zinabaki. Hiyo ya lossy, inayopunguza uzito kwa kupoteza ubora kidogo, usiipandishe kwa tamaa. Nilijaribu 200, bahari ya Shela ikajaa vidoadoa kama imemwagiwa mchanga. Ila gifsicle haijui slaidi ni kitu gani: unahitaji skripti ya kufungua zip, kubana kila GIF na kuirudisha kwa jina lilelile. Nilimlipa kijana wa Langoni akaniandikia, na pesa hiyo sikuijutia.

ImageMagick ni ya pili. Nayo ni ya bure, lakini GIF nyingi huhifadhi katika kila fremu kile kilichobadilika tu, kwa hivyo ukipunguza vipimo bila -coalesce, amri ya kukamilisha kila fremu kwanza, tanga linaacha vipande vyake angani.

Aspose.Slides, maktaba ya waandishi wa programu, ni ya ofisi zenye bajeti. Inabadilisha picha ndani ya slaidi bila PowerPoint kuwepo, na inafungua hata .ppt za zamani ambazo si zip. Toleo la majaribio linapiga alama yake kwenye slaidi zako.

Tovuti za bure za kupakia faili mojamoja? Mafaili 40, kwa bando la simu. Hapana.

Muuzaji wangu nilimpigia. "Dada, kwani faili halikupungua?" Limepungua, kakangu, hata ungefuta slaidi zote lingepungua. Pesa hakurudisha, na juzi kanitumia ujumbe wa kulipia mwaka wa pili, bei imepanda.