Kozi ya "kuishinda AI" kwenye intavyuu: chumba kizuri, mwalimu mmoja mzuri, mengine hapana

Kama umeomba kazi kwenye makampuni makubwa miaka hii utakua umekutana nayo, unatuma CV, jioni inaingia imeili ina linki, unafungua hamna mtu upande wa pili, kuna swali tu kwenye skrini, unapewa kama nusu dakika ya kufikiri alafu dakika mbili tatu za kujibu huku kamera inakurekodi, ukimaliza linakuja swali lingine, na majibu yako yanapimwa na AI, yani akili bandia ya kompyuta. Unilever walianza mambo haya kwa wahitimu tangu 2016, kwahiyo sio kitu cha jana, ila huku kwetu watu wengi ndo wanakutana nayo sahivi na wanachanganyikiwa, na palipo na watu waliochanganyikiwa biashara haichelewi kufunguliwa.

Kozi ninayoisema ipo Dar, inafundisha namna ya kupita hizo intavyuu, jina lao naliacha. Ada elfu themanini, unapewa cheti (cha nini sijui), soda na chapati saa nne, na ahadi kubwa kwenye tangazo kwamba utaondoka ukijua "siri za mashine".

Nianze na kilichonikera. Asubuhi nzima tulifundishwa sura. Yani kutabasamu kwenye sekunde za kwanza, kuinua nyusi ukitaja mafanikio, usikunje uso, kichwa kisiegemee upande, kwa maelezo kwamba AI inasoma hisia zako usoni na kukupa maksi. Tukawekwa mbele ya kioo, watu wazima na tai zetu, tunafanya mazoezi ya kucheka. Sasa jamani, hii habari ni ya zamani. HireVue, ambao ndo jina kubwa kabisa kwenye hizi intavyuu za video, kweli walikua na kipengele cha kuchambua uso, ila walilalamikiwa rasmi Marekani mwaka 2019 na Januari 2021 wakatangaza hadharani kwamba wamekitoa. Umoja wa Ulaya nao tangu Februari 2025 wamepiga marufuku mifumo ya kusoma hisia za watu kwenye mambo ya kazi, isipokua kwa sababu za matibabu au usalama. Siwezi kukuapia kwamba hamna kampuni yoyote duniani inayofanya bado, lakini kumla mtu hela yake ya asubuhi nzima kwa ajili ya nyusi, hapana. Kaa vizuri, angalia kamera kwa sababu huenda baadae binadamu ataiangalia hiyo video, basi.

Mashine za aina hii zinachofanya zaidi ni kugeuza sauti yako kuwa maandishi, alafu zinapima yale maandishi kwa vigezo vya kazi yenyewe, kama unajua kushirikiana na wenzako, unatatuaje tatizo, unamhudumiaje mteja aliyekasirika. Kwahiyo mchezo wote upo kwenye ulichosema na kama kimesikika. Kozi ilitakiwa ianzie hapo.

Na kusema ukweli mchana ilianzia hapo, maana alikuja dada mmoja ambae kwa maelezo yake amefanya kazi ya kuajiri miaka mingi, na huyu ndo sababu siwapi nyota moja. Hakua na slaidi hata moja. Alimuita kaka mmoja mbele, aliwahi kua karani kwenye godauni Kurasini kule bandarini, akamwambia jibu, tueleze siku ulipotatua tatizo kazini. Kaka akaanza, mimi ni mchapakazi, najituma, naweza kufanya kazi kwenye presha, tulikua na changamoto ya foleni ya malori tukashirikiana kama timu tukaitatua.

"Kaka, wewe mwenyewe ulifanya nini?"

"Dada, tulishirikiana wote pale."

"Wote nimewasikia. Mimi nakuuliza wewe."

Akabanwa mpaka ikatoka. Kumbe malori yalikua yanakaa getini kwa sababu karatasi za mzigo zilikua zinaandaliwa asubuhi hiyohiyo dereva ameshafika, yeye akaanza kubaki jioni anaandaa za kesho yake, anazipanga kwa namba za gari, dereva akifika anasaini anaingia. Foleni ya getini ikaisha kabla ya saa tatu wakati zamani ilikua inafika adhuhuri. Ukumbi mzima tukatulia, maana huyu mtu alikua na jibu zuri kuliko sisi wote na alikua amelificha chini ya neno "tulishirikiana". Dada akasema sisi tumelelewa tusijisifu mbele za watu, mtoto anaejitaja mimi mimi anaonekana hana adabu, sasa unaenda mbele ya mashine na adabu zako na mashine inabaki haijui wewe ulikua wapi kwenye hiyo hadithi. Mpangilio aliotupa ni hali ilikuaje, jukumu lako lilikua lipi, ulifanya nini, ikaishaje, na ukiwa na namba itaje. Akasema andaa visa vitano sita vya kweli vya maisha yako ya kazi au chuo, usikariri majibu, kariri visa, swali likija unachagua kinachokaa. Hiki kipande peke yake kina thamani ya ile ada, ningekua mimi ndo mwenye biashara ningemfukuza jamaa wa nyusi nimpe yeye siku nzima.

Alafu jioni wakaharibu tena. Akaja mwingine anatufundisha kuongea Kiingereza cha Kimarekani eti ili AI ikuelewe. Tatizo lenyewe ni la kweli, sibishi, kuna utafiti wa chuo kikuu cha Stanford wa 2020 ulipima mifumo mitano ya kugeuza sauti kuwa maandishi, ya Amazon, Apple, Google, IBM na Microsoft, wakakuta kwa wazungu wa Marekani inakosea kama maneno 19 kwa kila 100, kwa weusi wa hukohuko Marekani inakosea 35. Wale wamezaliwa hukohuko, sasa mimi wa Temeke? Lakini dawa sio kubana pua. Ukiigiza lafudhi unaanza kumeza maneno, unakua mbaya kuliko ulivyokua. Fungua tu ile sehemu ya kuongea badala ya kuandika kwenye simu yako, jibu swali kwa Kiingereza chako, alafu soma ilichoandika. Mimi nilipotaja Kurasini simu iliandika "cure a scene", nikacheka peke yangu. Ukishaona wapi inakukosea unajua pa kupunguza spidi, wapi useme "the port area" badala ya jina la mtaa, na utagundua ukitumia earphone zenye maiki makosa yanapungua sana kuliko kuongelea laptopu iliyo mbali. Bure kabisa hiyo. Google nao walitoa kitu kinaitwa Interview Warmup mwaka 2022, kinakuuliza swali, kinaandika jibu lako na kukuonesha maneno unayoyarudiarudia, hakikupi maksi, ila kwa mazoezi kinasaidia.

Jambo la mwisho lisilonipendeza, mlangoni wakati wa kutoka wanakuuzia programu ya elfu thelathini inayosikiliza swali na kukuandikia jibu pembeni ya skrini. Mimi sikununua. Achana hata na suala la uaminifu, macho yanaonekana yanasoma, na ukipita unaenda kukaa na meneja mzima akuulize hicho kisa ulichokisimulia, hapo utasoma wapi?

Kuhusu haki zako hawakugusa kabisa. Tanzania tuna sheria ya ulinzi wa taarifa binafsi ya 2022, imeanza kutumika Mei 2023, na maamuzi yanayofanywa na mashine peke yake yametajwa mle. Kumuuliza mwajiri kwa heshima kwamba je kuna mtu ataangalia video yangu, na mtaitunza mpaka lini, sio ukorofi.

Nyota mbili na nusu. Chumba chao cha kurekodia kiko vizuri kweli, kimya, taa inatoka mbele, intaneti haikatiki, na wanakikodisha peke yake elfu kumi kwa saa bila kozi, kwahiyo kama nyumbani kwenu kuna watoto na muadhini na fundi welding kwa pamoja, kodi hicho tu siku ya intavyuu yenyewe. Piga simu kabla, uliza dada wa mchana yupo siku gani, na kama unakodi chumba tu chagua asubuhi, mchana jirani anawasha jenereta.