TAHADHARI: Oili feki mtaa wa Gerezani, Dar, wenye magari ya zamani someni hapa

Wadau, naandika nikiwa na hasira na aibu kwa pamoja. Toyota Carina ya mzee mnaijua. Injini yake, ile 5A iliyotufikisha kila mahali, imenoki. Kaiua muuza oili.

Ilikuwa Jumamosi asubuhi, nimeshuka Gerezani kutafuta oili kabla ya safari ya Moro. Na lile si duka la kibanda. Lina milango ya vioo, shelfu zimejaa madumu yamepangwa kwa chapa, na muuzaji kavaa ovaroli safi ya bluu. Nikamwambia nataka 10W-30, lita nne. Hakukimbilia kuniuzia. "Gari gani, mkubwa?" Carina Ti. "Ya mwaka gani? Inakula oili?" Akatoka nje mwenyewe, akafungua boneti, akachomoa kijiti cha kupimia, akakifuta, akakirudisha, akachomoa tena. Tone akaliweka kati ya vidole viwili, akalisugua taratibu mbele ya macho yangu. "Mkubwa, injini hii ni mtu mzima. Ukiitilia nyepesi itapita kwenye ringi za pistoni, uanze kutoa moshi. Tia 20W-50."

Sasa niambieni, hapo nani angemkatalia? Maana alichosema ni kweli tupu! Namba iliyo kabla ya W inaonyesha oili inavyotembea injini ikiwa baridi, na ya mwisho inaonyesha uzito wake ikishachemka, inapimwa kwenye nyuzi 100. Kwa joto la Dar na injini ya miaka ya tisini yenye ringi zilizochoka, hata fundi wangu alishanishauri 20W-50. Mtu anakueleza jambo la kweli, anashika gari lako kama daktari anavyomshika mgonjwa, halafu umhisi mwizi kwa lipi?

Akaingia stoo. Ya shelfuni hakuigusa, eti zile zinapigwa jua, anipe ya ndani. Akarudi na dumu la lita 4, chapa kubwa tunayoijua wote, stika inang'aa. Sh 65,000, akanishushia hadi 60,000 na kumwaga oili ya zamani bure, kijana wake akaingia uvunguni palepale. Kifuniko akakifungua yeye, huku ananiuliza mechi ya jana. Ule mlio wa pete ya kifuniko kukatika sikuusikia. Nilichoona ni karatasi ya fedha ikichanwa mdomoni mwa dumu, roho ikatulia. Oili ikamiminika nzito, imetakata. Alipomaliza akamkabidhi kijana dumu tupu alirudishe ndani, na mimi nikamshukuru! Nikampa na kijana hela ya soda!

Haikupita muda tapeti zikaanza kulia asubuhi. Kisha siku moja kwenye foleni ya Ubungo, injini ya moto, taa nyekundu ya oili ikaanza kuwaka na kuzima. Nikikanyaga mafuta inazima, nikiachia inawaka. Nikazima gari pale pale katikati ya honi na matusi ya makonda, lakini chuma kilikuwa kimeshakula chuma. Fundi alipofungua nati ya sampu, lile bakuli la oili chini ya injini, kikatoka kitu chepesi kama maji, cheusi, kimejaa unga unaometameta. Akashusha sampu, akatoa beringi za kreni, ile shafti kuu ya injini, akaniwekea moja kiganjani: tabaka la juu limekwisha, shaba nyekundu iko wazi. Kwa maelezo yake, hiyo ni oili chafu ya magereji, imechujwa na kung'arishwa, ikatiwa kitu cha kuifanya iwe nzito ikiwa baridi. Ikipata moto uzito wote unapotea.

Watu hawa ni wauaji. Leo ni injini yangu, kesho ni basi dogo limebeba watoto wa shule linazimika katikati ya reli. FCC, tume ya ushindani, wanayo Sheria ya Alama za Bidhaa mkononi, TBS, shirika la viwango, wapo, polisi wapo. Waingie ile stoo ya nyuma, wateketeze mzigo wote, leseni ifutwe, na mwenye duka afungwe. Faini asipewe, faini anailipa kwa mauzo ya asubuhi moja.

Mnaouliza dalili: picha ya dumu niliyomtumia fundi siku ile tumeikuza. Mbele imeandikwa daraja la ubora API SN, nyuma SF. SF ni daraja la injini za hadi 1988, SN ni la 2010, kiwanda gani kinaandika hivyo kwenye dumu moja? Namba ya toleo imefutika. Risiti ya EFD, ile ya mashine ya kodi, sikupewa, eti mtandao unasumbua. Rangi na uzito wa oili ikiwa baridi havithibitishi chochote. Kifuniko fungua wewe, usikie pete inakatika. Na dumu tupu ondoka nalo, ulitoboe kwa msumari, kwa sababu ndilo wanalojazia tena. Kijana wake alilipokea kwa mikono miwili, sasa naelewa. Naye afungwe!

Jina la duka na picha nimezipeleka FCC. Kama ulimwagiwa oili mitaa ile na dumu likarudi ndani, usisubiri taa iwake. Mwaga leo, badilisha na filta, na ile itakayotoka iweke kwenye chupa safi yenye kifuniko, uandike tarehe. Kisha nitafute, twende kutoa maelezo pamoja.