Juan Marichal na Pedro Martínez: nani amewazidi wenzake kwa sifa?

Kati ya warushaji mpira wa besiboli waliotoka Jamhuri ya Dominika, Juan Marichal alihesabiwa ushindi wa mechi 243, karibu zote akiwa na timu ya San Francisco Giants, ilhali Pedro Martínez alihesabiwa 219. Hata hivyo, Pedro alitwaa mara 3 tuzo ya Cy Young, ya mrushaji bora wa msimu, ambayo Marichal, ajabu kweli, hakuipata kamwe. Kwa ubora wa kilele namchagua Pedro. Kwa ustahimilivu, simwoni wa kumpita Marichal, aliyerusha raundi 16 (mechi ya kawaida huwa na 9) dhidi ya mrushaji Warren Spahn mwaka 1963 akashinda 1–0. Pedro mwenyewe, alipoingizwa katika Jumba la Mashuhuri wa besiboli huko Cooperstown, Marekani, mwaka 2015, alimwita jukwaani Marichal, Mdominika wa kwanza kupewa heshima hiyo, wakainua pamoja bendera ya nchi yao.