Lenzi ya f/2.8 kwa Safari: Naitaka, Lakini Si kwa Duka Lile

Sijawahi kudharauliwa na muuzaji kama nilivyodharauliwa hivi karibuni katika duka moja la kamera jijini Dar es Salaam, nilikokwenda kuulizia lenzi ya kuvuta ya milimita 17-55 yenye f/2.8 (namba ya f hupima tundu la kupitishia mwanga: ikiwa ndogo, tundu ni pana zaidi), iliyokwisha kutumika, ili niachane na ile iliyokuja na kamera yangu. Niliomba mambo mawili tu: nimulike vioo vyake kwa tochi ya simu, kisha niifunge kwenye kamera yangu nipige picha chache. Kijana wa kaunta aliitazama kamera yangu kwa muda, akaichukua lenzi mikononi mwangu, akairudishia kifuniko, akasema, "Dada, hiki si kitu cha kujaribujaribu. Ukilipa, utajaribu nyumbani kwako."

Nyumbani! Anayeuza lenzi za mtumba katika mji wa pwani anajua fika kwamba joto na unyevu wa huku huotesha kuvu ndani ya vioo, nyuzi nyembamba mfano wa utando wa buibui, ambazo mara nyingi huzioni mpaka umulike tochi kutoka upande wa pili. Anajua pia kuwa lenzi inaweza kuwa safi kabisa lakini ikalenga nyuma kidogo ya jicho la mtu, kasoro inayoweza kujificha kwenye f/5.6 na kuonekana waziwazi kwenye f/2.8, ambako sehemu inayotoka kali pichani ni nyembamba. Kumzuia mnunuzi asikague ni kutaka alipie asichokijua. Nilitoka pale nimeapa kwamba sinunui, na kwamba lenzi za namna hii ni za wapiga picha za harusi, si za wasafiri.

Kiapo hicho kilivunjika Unguja, nilikovuka na lenzi ya aina ileile niliyoazimwa na rafiki. Pale Forodhani, jua lilipokwisha kuzama na taa za meza za vyakula kuwashwa, nilianza na lenzi yangu, ambayo ukiivuta hadi mwisho tundu lake hubana mpaka f/5.6, kwa ISO 6400 (kiwango cha wepesi wa kamera kwa mwanga) nikapata kasi ya shata ya 1/15 ya sekunde. Mishikaki ilitoka vizuri, kwa kuwa lenzi ina kitulizaji cha mtikisiko, lakini mikono ya mzee aliyekuwa akitandaza unga wa pizza ya Zanzibar haikutambulika, maana kitulizaji hutuliza mkono wa anayepiga, si wa anayepigwa. Nilipofunga ile ya f/2.8, mwanga uliongezeka mara nne, kasi ikafika 1/60, na nikaviona vidole vyake kimoja kimoja, vimeng'aa mafuta, na unga umeganda pembeni mwa kucha. Nilifurahi mno.

Hata hivyo, sitamshauri kila mtu aikimbilie. Anayepiga mandhari kwa upana hatapata tofauti kubwa, kwa sababu upande huo lenzi ya kawaida huanzia f/3.5. Uzito nao niliusikia shingoni siku nzima, na katika picha ya pamoja tuliyopiga mezani kwa f/2.8, waliokaa nyuma walififia.

Mimi lakini nasafiri kwa ajili ya jioni, kwa hiyo nitainunua kwa muuzaji atakayeniruhusu kumulika na kujaribu. Bei ikinishinda, nitachukua lenzi ya milimita 50 ya f/1.8, isiyovuta wala kupanua, nyepesi na nafuu, ingawa kwenye vichochoro vya Mji Mkongwe mara nyingi utakosa pa kurudi nyuma.