Kuwashibisha majenerali au kuwang'oa: njia mbili za akina Kim

Jaws Corner, kijiwe chetu cha Mji Mkongwe, kahawa ikinyweka, baraza zima humwona Kim Jong Un, mtawala wa Korea Kaskazini, dhaifu kwa vile habadilishi shati bila kubadilisha jenerali. Tumlinganishe kwanza na baba yake.

Kim Jong Il aliwashibisha. Siasa yake ilikuwa songun, jeshi mbele ya yote, na nchi aliiendesha kupitia Tume ya Taifa ya Ulinzi. Jeshi lilitulia, likanenepa.

Mwana alirithi Desemba 2011, hata miaka 30 hajatimiza. Yeye akang'oa. Julai 2012 alimwondoa mkuu wa majeshi, Ri Yong Ho, mmoja wa wale waliotembea kando ya jeneza la marehemu baba yake kwenye theluji. Desemba 2013 ikawa zamu ya mume wa shangazi yake, Jang Song Thaek: aliuawa. Mwaka 2016 akaifuta ile Tume; chama kikakaa juu ya jeshi.

Naona mwana amelishika jeshi zaidi kuliko baba. Lakini ameshika juu tu. Hapa Unguja Mzee Karume alipigwa risasi Kisiwandui, 7 Aprili 1972, na miongoni mwa wauaji alikuwamo luteni, si jenerali. Maluteni wa Pyongyang hakuna anayewahesabu.